Mvumo Nyuma ya Muziki

Leo nimepita kwa fundi redio hapa Karatu, nikasikia harufu ya betri zilizopata moto juani. Nikasimama pale kama mgeni.

Mama alikuwa akizianika hivyo juu ya bati la zizi letu kule Daa, ili jioni zipate nguvu kidogo. Kaka yangu alikuwa ametuandikia kwamba amepata kazi Ulaya, kwenye meli yenye kituo cha redio ambacho jioni kilisikika hadi kwetu. Meli hiyo ilitia nanga mbali baharini, maana haikuwa na kibali cha serikali yoyote. Yeye alitunza jenereta. Mama hakuwahi kuona maji makubwa kuliko Ziwa Eyasi, na nyimbo zao hakuzijali. Alibandika sikio redioni akitafuta mvumo uliokuwa nyuma ya muziki.

“Mashine yake hiyo,” alisema. “Mwanangu mzima.”

Jioni moja muziki ulikatika. Mtangazaji akapiga kelele kwa Kiingereza, na nyumbani ni mimi tu niliyekisoma shuleni. Nilielewa kwamba maji yamefika kwenye mashine, na wanaomba msaada.

“Anasemaje?”

“Anasalimia wasikilizaji, mama.”

Kisha mvumo nao ukazimika.

“Kazima mashine,” Mama alisema, akitabasamu. “Amechoka, mwache apumzike.”

Asubuhi akazianika tena betri. Akazianika miaka yote iliyofuata, na mimi ndiye niliyekuwa nazigeuza mchana, ili upande wa pili nao upate jua.