Kabureta Mbili na Kitenge cha Mama Tumaini

Ndugu zangu, Mungu ni mwema, kwa hiyo acha nikiri. Mjukuu wangu Neema alitaka kwenda kufunga ndoa kwa gari langu dogo la mbio, la zamani. Injekta zake za kunyunyizia petroli zilikuwa zimekufa, na Tunduma nzima sikupata nyingine. Nikazing'oa, nikafunga kabureta mbili, nikajisifu wiki nzima. Wiki hiyohiyo kitenge cha mke wangu, Mama Tumaini, kilipotea kambani, nami nikaongoza maombi ili mwizi atubu.

Asubuhi ya ndoa gari likakataa kuwaka, na kengele ya kanisa inalia.

"Babu, nipande bodaboda na shela hili?"

"Huyu ni Shetani," nikasema. Nikaweka mkono juu ya boneti, nikamkemea mpaka wapita njia wakaitikia amina.

Mke wangu, aliyenishikia spana miaka mingi, hakufumba macho. Alifungua boneti, akatoa chujio la hewa, akavuta matambaa mawili niliyozibia midomo ya kabureta vumbi lisiingie, nikayasahau. Neema akawasha. Gari likaunguruma, watu wakapiga vigelegele.

Mama Tumaini akayakunjua yale matambaa, akayaunganisha.

"Baba Tumaini! Kumbe mwizi tunayemwombea nalala naye kitanda kimoja?"