Kuku wa Kavuo kwenye daraja la Lubiriha

Mwaka ule wa vita, askari wa Uganda walipokuwa wameshika upande wetu wa Congo, Kavuo wa Butembo alikuwa na haraka moja tu. Binti yake Florentine, aliyeolewa ng'ambo kule Bwera, upande wa Uganda, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kuku alikuwa bado yuko Butembo.

Ngojeni kwanza niwaeleze habari ya huyu kuku, maana bila yeye hamtaelewa kitu. Katika ukoo wa Kavuo, mwanamke aliyezaa mara ya kwanza hatoki nje, na mtoto hapewi jina, mpaka anywe mchuzi wa kuku aliyefugwa na mama yake, tena uliopikwa kwa mkono wa mama huyo. Si wa shangazi, si wa mama mkwe. Kwa hiyo Florentine alikuwa chumbani, dirisha limefungwa, anangoja. Na wakwe zake, ingawa ni Bakonzo, ndugu zetu kabisa sisi Wanande, walishaanza kuulizana: huyu mama anakuja ao haji?

Kilichomchelewesha Kavuo ni jeton, kile kikaratasi cha kuvukia mpaka. Bureau ya kuitoa ilikuwa inabadilishwa wakubwa kama mtoto anavyobadilishwa nepi. Kila alipofika alikuta sura mpya, na sura mpya haikutambua muhuri wa sura ya zamani. Ndipo jirani yake Gérard, mwalimu mstaafu mwenye redio, akamwita kutoka upande wa pili wa ua.

— Mama Florentine! Acha kusumbuka. Ile Communauté ya Afrika Mashariki imefufuka. Uganda, Kenya, Tanzania, bote bamekutana Arusha. Na banaongeza batu! Rwanda anabisha hodi, Burundi anabisha hodi.

— Na siye, mwalimu?

Gérard akakuna kidevu.

— Siye... mais, siye tuko chini ya nani? Kinshasa, hapana. Basoda bote mu barabara ni ba Uganda. Donc, basi...

— Donc tuko ndani! Mutu analala mu nyumba yangu, anakula maharagi yangu, kisha miye niende kwake kubisha mulango? Hapana, mwalimu. Huyo ni wa jamaa.

Gérard akarudi kwenye redio yake. Hakuwa na hakika. Siku zile, nani alikuwa na hakika?

Basi Kavuo akamfunga kuku miguu kwa kamba ya mgomba, akapanda lori la vitunguu toka Kipese mpaka Beni, na Beni akapata jingine la kwenda Kasindi. Kila waliposimamishwa njiani alisalimia askari kama mtu anayesalimia wakwe: "Habari ya kwenu?" Wao walimwangalia kidogo, wakamwangalia kuku zaidi.

Pale Kasindi, mpakani, kabla ya daraja la mto Lubiriha, kulikuwa na kamba. Askari aliyeishika alivaa sare ya Uganda. Ng'ambo ya daraja alisimama mwingine, sare ile ile.

— Jeton iko wapi, mama?

— Ya nini? Siye tulishaingia mu Communauté.

— Nani alikuambia?

— Redio. Na weye mwenyewe.

— Mimi?

— Unafanya nini hapa, kama hapa si kwenu?

Askari akacheka, kisha akaacha kucheka.

— Mama, mimi niko kazini. Hapa ni Congo. Ukivuka, Uganda.

— Na weye, pale unasimama, uko wapi?

Akaangalia buti zake kana kwamba jibu limeandikwa pale.

— Bila jeton hupiti.

Karani wa ushuru, Mkongomani, akachomoza kichwa kibandani. Akasema kuku anaweza kupita: kuku mzima ana ushuru wake unaojulikana. Mtu bila jeton, hapana.

— Donc kuku yangu iko mu Communauté, miye niko inje?

Wachuuzi waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko.

— Mama, mutume kuku akalee mutoto! mmoja akapaza sauti.

Habari ilivuka daraja na waendesha baiskeli, na baadaye Malachie, mume wa Florentine, akavuka kwa kitambulisho chake cha Uganda. Akasimama kando, macho chini, kama mwanaume anavyosimama mbele ya mama wa mke wake.

— Mama, unipe kuku, nitamufikisha.

— Nani atapika?

— Mama yangu yuko...

— Aaa! Hapana!

Malachie akamtazama kuku. Kisha akasema polepole:

— Florentine analia, Mama. Anasema apike yeyote, amechoka na giza.

Hilo lilimwingia Kavuo. Akageuka huku na huku, kama mtu aliyepotea sokoni, mpaka akaona moshi. Hatua chache toka kwenye kamba, mwanamke aitwaye Kyakimwa alikuwa anasonga bundu, ugali wa muhogo, kwa ajili ya madereva.

— Mama, unipatie moto na sufuria.

— Na batu bangu batakula nini?

— Binti yangu amezaa.

Kyakimwa akaondoa chungu chake motoni, akampa sufuria. Kavuo akachinja pale pale, akanyonyoa, akapika, hakuruhusu mtu hata kukoroga. Mchuzi ulipoiva, Malachie akabeba sufuria kwa kitambaa mpaka kwenye kamba.

— Hii ni nini? karani akauliza.

— Kuku.

— Kuku iko wapi?

— Ndani ya mchuzi.

Karani akapekua orodha yake ya ushuru. Kuku mzima alimjua, mayai aliyajua. Akapigia wa ng'ambo kelele: "Munatoza mchuzi?" Kule wakashauriana. "Mchuzi wa nini?" Wakashauriana tena. Mwishowe askari mwenyewe akainua kamba.

— Ipite, itapoa!

Kavuo akakaa juu ya jiwe. Jua lilikuwa limeinama alipoona, ukingo wa pili, mwanamke amesimama na furushi kifuani. Florentine alikuwa ametoka nje. Malachie akavuka na sufuria tupu.

— Amekunywa yote. Anauliza jina.

— Masika! Kavuo akaita juu ya maji, kwa nguvu zote. Masika! Wa kwanza wa kike, ataitwa nani tena? Huku Masika, kule Masika!

Florentine akainua furushi. Kavuo akatazama mpaka machozi yakamtoka, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

— Malachie. Mutoto iko ndani, si ndiyo? Ya ile Communauté.

— Ndiyo, Mama. Amezaliwa ndani.

— Na miye?

Malachie akatazama kamba, akatazama askari wa huku, akatazama askari wa kule.

— Weye, Mama... ngoja kwanza.

Kavuo akachukua sufuria ya Kyakimwa, akateremka kuiosha mtoni.