Karatasi ya Getini

Juzi, kijijini Magamba, udongo ukiwa umelowa, tulimzika mzee aliyekuwa akitutafsiria filamu. Wasomaji wa rika langu watamkumbuka akiwa kijana, amesimama kando ya shuka jeupe kwenye ghala la mboga, Jumapili mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia, akigeuza Kiingereza kuwa Kishambaa. Filamu ninayoikumbuka ni moja, ya Waingereza, ya miaka ya baada ya vita, iliyotengenezwa kwa gharama ndogo hata kuta zake zilitikisika mlango ukifungwa. Mwanamke mwenye koti la mvua anashtakiwa kwa kuua. Mwishoni, askari anabandika karatasi kwenye geti la gereza.

Mbele alikaa mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa mahabusu Tanga kwa kesi ya mauaji. Akauliza, “Karatasi inasemaje, mwanangu?” Mfasiri akamtazama. “Wamemwachia, mama. Anarudi kwao.” Mama akapiga vigelegele. Mtu wa nyuma akatania, “Mama, umewashinda Wazungu kesi!” Ghala zima likacheka. Karatasi ile ilisema mwanamke amenyongwa.

Siku ya hukumu ya mwanawe ilipokaribia, nilimkuta mama akikandika chumba cha kijana.

“Shikamoo, mama. Huendi Tanga?”

“Marahaba. Nikafanye nini, naye anarudi? Hata yule wa kwenye shuka wamemwachia. Mwanangu atalala kwenye nyufa hizi?”

Kijana alihukumiwa kunyongwa. Aliyekuwepo mahakamani alituambia kwamba aligeuka mara tatu kutazama benchi la ndugu, na benchi lilikuwa tupu. Alifia gerezani kwa maradhi kabla mama hajamwona. Mfasiri hakusimama tena kando ya shuka. Alilima kabichi mpaka uzee, na nikiitaja sauti yake ya zamani alisema tu, “Niache, ndugu yangu.”

Kaburini walimsifu kwa huruma, nami sikubisha. Ndivyo tulivyo: daktari ametuambia hatapona, nasi tunamwambia mgonjwa atalima msimu ujao. Lakini nilikuwa nimesoma Kiingereza kidogo, na kidogo hicho kilitosha kuisoma karatasi ya getini. Nilijua. Nikamchotea mama maji ya kukandikia, nikaenda zangu.

Mwenye kungojewa na habari mbaya, mpeni mapema, apate muda wa kufunga safari.