Makaburi ya Kambi

Constance alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, upande wa Kambove, enzi zile kampuni ikiwapa watu nyumba, unga na dawa. Aliolewa hapohapo na Kunda, fundi wa pampu, na hapohapo akamzika. Mgodi ulipofungwa pampu zilizimwa, maji yakajaa chini, watu wakaondoka. Constance akahamia Kamalondo, Lubumbashi, kwa binti yake Princesse, akawa anashona nguo za komunyo.

Kila mwaka, siku ya kuwaombea wafu, alirudi kupalilia kaburi la mumewe. Safari hii alikuta maturubai yametandazwa katikati ya misalaba. Mahali pa Kunda palikuwa na shimo, na sauti ya tindo ilitoka ndani.

"Nani iko mule?" aliita.

Kikatokeza kichwa chekundu kwa vumbi. Alikuwa Donat, mtoto wa shemeji yake, aliyekula bukari mezani kwake tangu utoto.

"Mama mukubwa," alisema, macho chini.

"Donat, hapa ni kwa baba yako mukubwa."

"Najua, mama. Bengine balianza kuchimba mbele yangu. Nilisema, afazali mimi, mutoto wa nyumba. Mifupa tulizika kule, pembeni ya kanisa."

"Ya Kunda ni ipi?"

"Ilichanganyika, mama."

Constance akaenda kwa chifu wa kambi. Alikaribishwa vizuri, akapewa kiti. Lakini magunia ya madini yalikuwa yamepangwa ukutani, nyuma ya mgongo wa chifu.

"Nitafanya nini, mama?" chifu alisema. "Vijana habana kazi."

Hakuwa na mahali pengine pa kushtaki. Akaenda pembeni ya kanisa, akapiga magoti kwenye udongo uliofukuliwa juzijuzi. Alitaka kusema na mumewe peke yake, kama kawaida, akaona haya mbele ya wale wengine wote. Akasali Baba Yetu, akainuka.

Donat alimsindikiza hadi barabarani, amembebea mfuko.

"Muke yangu Chance alizaa," alisema. "Mwanamuke. Tulimupa jina yako."

Constance alitamani kumpiga kofi, alitamani kumpangusa uso. Mikono ikabaki ilipokuwa.

"Munyonyeshe vizuri," alisema, ingawa hayo si maneno ya kumwambia mwanamume.

Nyumbani Princesse aliuliza kama kaburi lilikuwa salama.

"Nimechoka, mwanangu," alijibu. Akalala na nguo za safari, jua likingali juu, na Princesse akafunga pazia.