Hayo Mwambie Padri

Mama Cherehani alikuwa mshonaji wa sare za shule. Kila Jumapili baada ya misa alivaa kitambaa cheupe begani, akapokea kikasha cha Komunyo na kuwapelekea wagonjwa wasioweza kutoka majumbani. Parokia nzima ilimjua kwa kufuata sheria. Akiwa amebeba Mwili wa Bwana hakupiga soga na mtu njiani. Ukimsemesha alikutikisia kichwa tu na kupita, hata uwe wifi yake. Wenye midomo walisema anaringa. Waache waseme, semina ya wagawa Komunyo alikaa yeye.

Mgonjwa wa mwisho katika mzunguko wake alikuwa Mzee Pima, fundi mwashi mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata mkate nyumbani kwake aliupima kabla ya kuukata. Figo zilikuwa zimemwishia. Alilala chumba cha nyuma, akiuguzwa na binti yake, naye binti, maskini ya Mungu, alikuwa amechoka mpaka macho.

Jumapili moja mzee akaikataa Komunyo. Akasema ana jambo, na hawezi kupokea kabla hajalitoa. Mama Cherehani akamwahidi kumleta padri aje amwungamishe. Mzee akamshika mkono.

"Padri simjui, mwanangu. Wewe nakujua. Kuna mdogo wangu..."

"Hayo mwambie padri, mzee."

Mlei haungamishi mtu, wala asijifanye. Hilo lilirudiwa semina nzima. Akafunga kikasha, akaondoka nacho vilevile alivyokuja nacho.

Basi msubiri padri sasa. Parokia padri mmoja, vigango havihesabiki! Mara mazishi, mara kipaimara, mara gari limekufa. Mama Cherehani alimfuata sakristia mpaka akaanza kukwepwa. Na kila Jumapili mzee alianzia palepale, kwa huyo mdogo wake, na kila Jumapili alikatwa palepale, kwa upole, kama mtoto anayefutwa pua. Mama Cherehani alidhani anamlinda. Ukimwuliza leo atakwambia hivyohivyo.

Padri alipofika, kiharusi kilikuwa kimemtangulia. Mdomo wa mzee ulikuwa umekwenda upande, ulimi umelala. Padri akamwondolea dhambi, akampaka mafuta kwenye paji la uso na viganja, akasema kwamba amesamehewa yote, Mungu hadai maneno. Binti akalia kwa faraja. Mama Cherehani naye aliamini, kweli aliamini, hilo asisingiziwe. Ila mzee hakumtazama padri hata kidogo. Alimtazama yeye, machozi yakimchuruzika mpaka masikioni, na mkono uliobaki na nguvu ukivuta kile kitambaa cheupe.

Padri alipokwenda zake, Mama Cherehani alimwita binti kando. Akamwuliza mdogo wake mzee anaishi wapi, apelekewe habari, aje haraka.

"Mdogo gani?" binti akashangaa. "Baba alizaliwa peke yake. Tangu nipate akili sijasikia ana ndugu."

Mama Cherehani akamwacha palepale. Alirudi chumbani, akafunga mlango, akavua kitambaa na kukiweka kitini. Akapiga magoti, akasogeza sikio mdomoni mwa mzee mpaka ndevu zikamchoma.

"Niambie, mzee," akasema. "Niambie mimi."

Mzee akajitahidi. Shingo ikakaza, kifua kikapanda. Ikatoka pumzi tupu, na mate yakamlowesha Mama Cherehani shavu. Akamwomba ajaribu tena, akamtajia maneno yeye mwenyewe, mdogo wako, mzee, mdogo wako kafanya nini, ulimfanya nini, yuko wapi. Mzee akajaribu mpaka jasho likamtoka. Kisha akachoka. Akageuzia uso ukutani, na hakumtazama tena.