Mama Hakuingia Fort Jesus

Mama ameishi Kisaju tangu aolewe na hakuwa ameona bahari. Mimi ndiye niliyeamua ataiona. Niliomba ruhusa kazini, Kitengela, tukapanda treni hadi Mombasa. Nilikuwa nimepanga kila kitu: asubuhi Fort Jesus, kisha picha kwenye zile pembe kubwa za ndovu za barabarani, halafu kuona twiga na kobe wa hifadhini, jioni ufuoni.

Hata langoni hatukufika. Kando ya ukuta wa ngome, mwanamke wa makamo alikuwa ametandaza shanga juu ya shuka. Mama akasimama, akamtazama.

“Takwenya,” akamsalimu kwa Kimaa.

“Iko,” yule akaitikia, akainuka.

Kumbe ni mtu wa Kimuka, huko huko bara kwetu. Walianza na mvua, wakaingia kwa ng'ombe, wakafika kwa koo zao, wakagundua dada yake ameolewa karibu na kwetu. Mama akavua viatu, akaketi.

“Mama, twende ndani.”

“Enda wewe uone, utaniambia. Mimi niko na mgeni.”

“Mgeni ni wewe.”

Mama akageukia shanga. Niliingia peke yangu, nikapita mizinga na vyumba vile vyote kwa hasira, bila kuona kitu. Nilipotoka, alikuwa anatunga shanga na kula viazi karai. Nikamkumbusha habari ya twiga.

“Wa huku wako na nini wetu hawana?” akauliza. Na kweli, nyumbani huwa wanakatiza mbele ya boma.

Alasiri mwenyeji wetu, yule wa shanga, alifunga mzigo. Jioni yeye huuzia ufuoni, kwa hivyo tukaenda naye. Tulipofika, Mama aliangalia yale maji kwa muda mrefu. Kisha akamshika mwenzake mkono.

“Huyu amekaa hapa miaka mingi na bado anaogopa kuingia,” akaniambia. “Wewe chunga hizi shanga.”

Mzungu mmoja akaniuliza bei ya bangili. Sikuijua. Nilipaza sauti kuwauliza, upepo ukaimeza, naye akaenda zake. Wale wawili walikuwa wamesimama majini, shuka zimepandishwa magotini, wimbi likija wanakumbatiana. Mama alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, nami hata hapo nilikuwa nimekasirika.

Kesho yake, ndani ya treni, alimpigia shangazi simu. Alisema Mombasa ni kuzuri sana, ila huyu mtoto hana subira.