Nyundo Msibani Ngonga

Mzee aliyekuwa akitusumbua kila mwaka kuhusu mapaa yetu amefariki, tena kabla zamu ya paa lake haijafika. Habari zilinikuta mpakani Kasumulu, kwenye foleni ya malori. Wasomaji wangu, sifichi: nililia, kisha nikajikuta natabasamu, maana yule bwana alikuwa na vituko vyake. Alikuwa mkulima wa mpunga pale Ngonga, mbishi, mwenye sauti ya kwaya. Mpunga ukishapandikizwa, kabla upepo wa ziwani haujachachamaa, alitutoa majumbani twende nyumba hadi nyumba. Tulibadili misumari iliyolegea, tukafunga kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa waya mpaka ukutani, tukateremsha mawe. Kwetu watu wanaamini jiwe juu ya bati ni kinga. Yeye alisema bati likinyanyuka, jiwe linaingia kitandani. Nyumba yake aliiweka ya mwisho siku zote.

Mwaka mmoja alituanzishia kwa jirani yake. Wawili hao walikuwa wamenuniana kwa sababu ya mpaka wa shamba la kakao, hata kanisani hawasalimiani. Jirani akasimama mlangoni, mikono kifuani. "Nani kakuita?" Mzee alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. "Sijaja kwako, nimekuja kwa bati lako. Likiruka litatua kwangu. Huo mpaka wa shamba tutaugombania kiangazi." Tuliangua kicheko. Jirani hakucheka, ila aliishika ngazi isiteleze.

Siku hizi tunajenga vizuri, hilo nakiri kwa furaha. Kila mtu ana fundi wake, ukuta wake na geti lake, na akishapigilia msumari wa mwisho anajiona amemaliza kazi. Mimi nakataa. Paa la mwenzako likiwa bovu, na lako liko hatarini, hata kama lina mabati ya rangi yanayong'aa mpaka barabarani. Mzee hakutuhubiria tupendane, alitutaka tushikiane ngazi, na kwa njia hiyo alitupatanisha vizuri kuliko vikao vyetu vyote.

Nilipofika msibani, wingu lilikuwa limejaa juu ya ziwa na bati la upande wa jikoni lilikuwa likipigapiga. Wote tulilisikia, hakuna aliyenyanyuka. Maiti ikiwa ndani, nyundo haigongwi, na mzee wa ukoo alikwisha kukataza. Ndipo jirani yule akaingia uani, ngazi begani, akapiga goti mbele ya mjane. "Shemeji, niruhusu." Mzee wa ukoo akaguna, "Msiba huu, jamani!" Mjane akainua uso. "Panda, baba. Amekufa yeye, mvua haijafa."

Jirani akapanda, nasi tukagombania kuishika ngazi. Nyundo ililia juu ya vichwa vya waombolezaji, na kina mama wakapandisha wimbo kuifuata. Mvua ilipopasuka, na upepo wake, bati halikutikisika, na mjane na wajukuu zake walikuwa wakavu kabisa. Jirani aliteremka ameloa chapachapa, akaenda kusimama kando ya jeneza. "Ndaga, ndugu yangu," alimshukuru. Halafu akaliinamia jeneza. "Sasa kiangazi nitagombana na nani?"

Mvua kubwa bado zinakuja. Beba ngazi yako, msomaji wangu, uanze na bati la yule usiyeongea naye, angali hai na anaweza kugombana nawe.